Aliyefia Redioni

Sukari ya kwanza ililetwa na Florence Nakolong, au Mama Emuria, jirani wa mlango wa tatu, Jumatatu asubuhi kabla hata chai haijachemka. Aliifunga kwenye leso pamoja na paketi ya majani, na alikuwa akilia kilio cha kweli, kile cha kuvuta kamasi. Sabdio alipomfungulia mlango alidhani kuna mtu wa kwao Florence aliyegongwa na pikipiki.

"Pole, msichana yangu," Florence akasema, akamkumbatia palepale kizingitini. "Pole sana. Mungu ndio anajua. Mama yuko wapi?"

"Ameenda soko mapema. Mama Emuria, kwani nani amekufa?"

Florence akamwachilia, akamtazama kama mtu anayefichwa jambo na jirani aliyemzoea. "Usinifiche mimi. Si tulisikia jana kwa redio? Huqa."

Sabdio alidhani habari imefika. Huqa alikuwa kaka yake, na habari yake ilikuwa ikingojewa katika nyumba ile tangu siku alipovuka mto Ewaso Nyiro upande wa Biliqo akifuata ngamia waliopotea. Ngamia walirudi na wachungaji wengine. Yeye hakurudi, na hii ilikuwa miaka mitatu sasa. Kisha Sabdio akaelewa, na akatamani ardhi ipasuke immeze. Huyo Huqa aliyefia redioni, aliyemwua ni yeye mwenyewe, kwa kalamu, likizo ya Agosti.

"Mama Emuria, ile ni hadithi. Ya kubuni. Ni mimi niliandika."

"Ni wewe uliandika?"

"Ni mimi."

"Basi si unajua vile alikufa." Florence akajifuta macho kwa kiganja, akamsukumia lile furushi kifuani. "Lisemwalo lipo, mama. Kama halipo, laja. Chukua sukari."

Sabdio akaichukua. Angefanya nini? Kukataa sukari ya msiba ni kumtukana aliyeileta.

Ieleweke kwamba Sabdio hakuwa mpumbavu. Alikuwa mwalimu wa chekechea kule Burat, mwenye vitabu vyake na akili zake, na alipokaa kuandika alijua anacheza na moto. Kwa hiyo alibadilisha kila kitu. Huqa akawa Jarso. Mama yake, Qabale, akawa Mumina. Isiolo akaihamishia Marsabit, na ngamia akawageuza ng'ombe. Aliona amejifunika vizuri, kumbe kisigino kimebaki nje.

Kisigino chenyewe kilikuwa neno. Mke wa Kiborana hatamki jina la baba mkwe wake, wala neno lolote linalofanana nalo. Baba mkwe wa Qabale aliitwa Roba, na mvua kwa Kiborana ni rooba, basi tangu aolewe Qabale hakuwahi kuitaja mvua. Wake wengine wenye mkwe wa jina hilo huishia hapo. Qabale alivuka mpaka, akaona hata mvua ya Kiswahili ni walewale. Yeye husema "maji ya juu." Maji ya juu yamechelewa. Anua nguo, maji ya juu yanakuja. Soko zima la Isiolo lilimjua kwa neno hilo, na wauza mboga walimtania kwalo. Sabdio alilipenda neno hilo kuliko yote aliyoyaandika, akamtilia Mumina kinywani, mara sita.

Halafu kulikuwa na bahati mbaya ya saa. Katika pande hizi kifo husafiri kwa redio, maana kuna mahali kule Merti simu haishiki lakini redio inaongea. Jumapili mchana mtangazaji Elijah Mwongera husoma matangazo ya vifo, na anapomaliza, kwa sauti ileile ya huzuni, bila hata wimbo wa kutenganisha, huingia kwenye hadithi ya wiki. Aliyewasha redio kwa kuchelewa alimkuta mama mmoja anayesema "maji ya juu" akiletewa habari ya mwanawe. Hakuhitaji kusubiri majina.

*

Qabale alirudi kabla ya adhuhuri na mikebe yake ya nyirinyiri, nyama kavu ya kuuza, ikiwa imejaa vilevile. Wenzake sokoni walikuwa wamemfunikia meza kwa shuka, wakamwambia mfiwa hauzi. Alipouliza amefiwa na nani walianza kulia, na mmoja akamshika mkono akamvusha barabara kama kipofu.

Akaketi juu ya mkeka bila kuvua mtandio. "Wanasema umeongea kwa redio."

"Sikuongea, Aayo. Niliandika hadithi, wakaisoma."

"Nipe nisikie."

Redio ilikuwa imeisambaza kwa WhatsApp. Sabdio akaiweka kwenye simu, akaiegemeza kwenye thermos, akasimama pembeni akiuma ukucha. Kwa miezi miwili alikuwa ameota mama yake akiisikiliza hadithi hii. Katika ndoto hiyo Qabale alikuwa akilia kidogo, kisha akimshika mkono na kumwambia, kumbe uliona. Sasa Qabale alisikiliza hadi mwisho bila kusogea, akaamuru irudiwe, akasikiliza tena. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta.

"Nani alikuambia?" akauliza.

"Aliniambia nini?"

"Mahali Huqa amelala."

"Hakuna mtu aliniambia, Aayo. Nimetunga. Ni kufikiria tu."

"Ulifikiria amelala chini ya mgunga, akala ya mguu wa kushoto imetoka."

"Ndio."

"Kwa nini ya kushoto?"

Sabdio aliandika ya kushoto kwa sababu ilikuja ya kushoto. Angeweza kuandika ya kulia na hakuna ambaye angelala njaa.

"Mtu wa kufikiria anasema akala imetoka," Qabale akasema. "Mtu ameambiwa ndio anasema ya kushoto."

"Aayo, wallahi."

"Usiape. Na hiyo ya laini? Nani alikuambia natumanga salio kwa simu ya Huqa kila mwezi, ndio isifungwe?"

"Nilikuona kwa kibanda."

"Uliniona. Na hukuniuliza?"

"Niliogopa utalia."

"Kwa hivyo ukaenda kuambia watu wote." Qabale alivua mtandio sasa, akaukunja polepole juu ya magoti. "Maji ya juu ni yangu. Laini ni yangu. Vile nakatazanga mtu kukalia kiti yake, ni mimi. Hii nyama ya mikebe, ni mimi. Kila kitu umesema ni ya hii nyumba, halafu unaniambia kifo peke yake ndio uongo? Kitu ya uongo haiwezi kuniliza, Sabdio. Na mimi nimelia."

Hapo ndipo Sabdio alipokasirika, na hasira yake ilikuwa ya mtu asiye na pa kuielekeza. Alitaka kupiga kelele kwamba kifo si chake. Rasimu ya kwanza haikuwa na kifo. Katika rasimu ya kwanza Jarso hajulikani aliko, na mama yake yu kibandani na salio lake, basi. Mwongera ndiye aliyemrudishia akisema msikilizaji hawezi kuachwa hewani, hadithi lazima ifike mahali. Sabdio akaifikisha. Alilia alipokuwa akiandika ile akala, na aliona machozi yake kuwa ushahidi kwamba ameandika vyema.

Lakini hayo yote angeyasemaje mbele ya mwanamke anayetazama simu ile kama kwamba ndani yake kuna mtu?

*

Kufikia Jumatano ua ulikuwa umejaa. Mikeka iliazimwa, sufuria kubwa ikaazimwa, na sukari ikarundikana kwenye kona ya jikoni mpaka sisimizi wakaanza kuja kutoa rambirambi zao. Sabdio alimimina chai, na kwa kila kikombe alitoa maelezo yaleyale. Ni hadithi. Hakuna habari mpya. Ni ya kubuni. Wageni walimsikiliza kwa huruma, wakaitikia kwa kichwa, wakaomba sukari kidogo. Uchungu humchanganya mtu, walinong'onezana, mwacheni.

Mwalimu mkuu wake alikuja pia, akampa mkono kwa mikono miwili. "Mwalimu, pole," akasema, kisha akainama sikioni, "na hongera. Imeandikwa vizuri sana." Mama mmoja ambaye Sabdio hakumjua akamuuliza waziwazi, mbele ya watu, redio ililipa ngapi kwa hiyo maiti. Redio haikulipa hata ndururu. Sabdio alipomwambia hivyo, mama yule alicheka kwa pua na kugeukia pembeni.

Alasiri akaingia Ganya, ndugu mdogo wa marehemu baba yao Wario, kutoka Merti. Alikuja na wazee wawili nyuma ya pickup, na kondoo dume amefungwa miguu.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam, baba mdogo," Sabdio akajibu, na kabla hajaketi akamwanzia. "Baba mdogo, nisikilize wewe basi, hawa wengine hawanisikii. Ile ni hadithi."

"Najua," Ganya akasema.

Sabdio akatua birika la chai chini.

"Mimi si mjinga, Sabdio. Hadithi naijua. Huko kwetu watoto wanalala na hadithi." Ganya alikaa, akaweka fimbo yake kando ya goti. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliomfanya awe mgumu kushindwa. "Lakini nilikaa nikafikiria. Nikasema, mama yake anasema yuko hai, sawa, ni mama. Dada yake je? Dada yake alipokaa peke yake, bila mtu kumshika mkono, alimweka chini ya mgunga. Kwa hivyo moyo yako ilishamzika. Ni kweli ama si kweli?"

"Hadithi ilitaka mwisho, baba mdogo."

"Na sisi pia tunataka mwisho. Mara mbili nimeenda kwa sheikh kuomba swala ya ghaibu, ya maiti asiyeonekana. Mara mbili amekataa, anasema hawezi kuswalia mtu ambaye nyumba yake inasema yuko hai. Kijana amekaa miaka mitatu bila dua. Hiyo unaona ni sawa?"

Qabale alikuwa ameketi ukutani, katikati ya wanawake. "Huqa yuko hai," akasema.

Alikuwa ameyasema maneno hayo mara nyingi mbele ya wazee hawahawa, na siku zote yalitoka kama mtu anayefunga mlango kwa komeo. Safari hii yalitoka kwa sauti ya chini, na alipoyasema alimtazama Sabdio, kana kwamba anamuuliza.

"Mama Huqa," Ganya akasema taratibu, "Ijumaa nitamwona sheikh tena."

Baadaye jikoni, Qabale alimshika bintiye kiwiko. "Enda kwa hiyo redio," akamwambia. "Mwambie huyo mtu anirudishie mtoto wangu."

*

Elijah Mwongera alimpokea kwa mikono miwili na tabasamu. "Madam! Unajua umetuwasha? Tumepigiwa simu mpaka ya Moyale. Sasa nataka sehemu ya pili. Yule mama Mumina, baada ya mazishi, anaishije?"

"Mumina ni mama yangu, na nyumba yetu imejaa watu wa matanga. Nataka usome tangazo leo kwamba hakuna kifo."

Tabasamu likapungua. Mwongera hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu mtu wa kazi. Alivuta kiti, akaeleza kwamba wao wana matangazo ya vifo, ya mikutano, na ya mifugo iliyopotea. Mtu aliyepotea pia husomwa, lakini lazima aje na namba ya OB kutoka polisi.

"Sitaki kumtangaza amepotea. Nataka useme hadithi ilikuwa ya uongo."

"Nitasema ni ya kubuni, hiyo haina shida. Halafu niseme Huqa yuko wapi? Maana hilo ndilo wataniuliza."

"Sema yuko hai."

"Yuko hai? Mmeongea naye?"

Sabdio akatazama sakafu. "Hapana."

"Kuna mtu amemwona?"

"Hapana."

"Sasa madam." Mwongera akakuna kidevu. "Nikisoma yuko hai, halafu kesho aokotwe mahali, nitakuwa nimedanganya kaunti nzima. Lakini tangazo ni lenu, familia. Andika, utie sahihi, mimi nitasoma vile umeandika. Kesho saa saba."

Akamsukumia karatasi, akatoka kwenda kupokea simu.

Sabdio alikaa na kalamu. Ni maneno mawili tu yaliyohitajika, na mkono wake ungeyaandika vizuri kuliko mkono wowote mjini. Yuko hai. Mama yake alimtuma hayo. Lakini tangu Jumatatu alikuwa amelipishwa kila neno alilolitunga, na moyo ulikuwa umemwambia basi, yatosha, kuanzia leo hutaandika usilolijua. Umeungua kwa uji, unapuliza hata maji. Aliona kwamba akimfufua Huqa kwa karatasi atakuwa amerudia kosa lilelile, ila kwa upande wa pili.

Akaandika: Familia ya Wario Roba inawajulisha ndugu na marafiki kwamba hadithi iliyosomwa Jumapili ni ya kubuni. Familia haijui kama Huqa yuko hai au amekufa. Asanteni kwa rambirambi zenu.

Akasoma tena. Kila neno lilikuwa kweli. Alitia sahihi na kurudi nyumbani akijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza wiki ile.

*

Alhamisi saa saba redio iliwekwa juu ya stuli katikati ya ua. Wanawake walinyamazisha watoto. Qabale alisogea mbele mpaka goti lake likagusa stuli, na alikuwa amevaa mtandio mpya, wa kijani, kwa sababu aliamini ni siku ya kurudishiwa mtoto. Sabdio aliuona ule mtandio na wepesi wake wote ukamtoka.

Mwongera alisoma kama alivyosoma siku zote, kwa huzuni, kila nukta mahali pake. Alipofika "haijui kama Huqa yuko hai au amekufa" hakuharakisha. Kisha akaingia tangazo la ng'ombe wekundu waliopotea Burat.

"Haijui?" Florence akauliza, akigeuka huku na huku. "Nani hajui?"

Ganya aliinama akazima redio. Hakuwa na furaha ya mshindi, na labda angekuwa nayo, Sabdio angepata mtu wa kumchukia. "Mmesikia wenyewe," akawaambia wazee. "Miaka mitatu hii nyumba imesema yuko hai, tukaheshimu. Leo hii nyumba, kwa mdomo yake, imesema haijui. Kuna mtu bado anakataza?"

"Hakuna," mzee mmoja akajibu.

"Sikusema amekufa!" Sabdio akapaza sauti. Kikombe kilimponyoka, chai ikamwagika mkekani. "Baba mdogo, nimesema hatujui! Hatujui siyo amekufa!"

"Siyo amekufa," Ganya akakubali. "Na siyo hai. Hai ndiyo ilikuwa inatuzuia."

Watu wote wakamgeukia Qabale. Palikuwa na nafasi bado, na Sabdio aliomba kimoyomoyo mama yake aiseme ile sentensi yake ya siku zote. Qabale akafungua kinywa. Alitazama redio iliyozimwa, akatazama nyuso za wanawake waliokuja na sukari, akafunga kinywa. Kisha akauvua ule mtandio wa kijani, na Florence, ambaye hata si Mwislamu, akavua wake mweusi akamfunika.

*

Ijumaa baada ya swala ya mchana waliswali swala ya ghaibu. Kondoo wa Ganya alichinjwa, na harufu ya nyama ikatanda hadi barabarani. Wanaume waliporudi walisema imekuwa swala nzuri, watu walijaa mpaka nje.

Sabdio alimpelekea mama yake chai chumbani. Qabale alikuwa ameketi kitandani peke yake, mikono mapajani, kama abiria aliyeambiwa gari halipo.

"Aayo," Sabdio akasema, "niliogopa kudanganya tena. Nilisema ukweli."

Qabale hakumtazama. "Wakati wa kumuua hukutaka shahidi," akasema. "Wakati wa kumrudisha ndio ukataka?"

Sabdio akaweka kikombe juu ya stuli. Nje mtu aliita kwamba sahani hazitoshi.

"Enda upakue," Qabale akamwambia. "Watu wa msiba wako na njaa."